Chini ya Saa ya Stesheni

Wapiga pasi watano walikuja kumjulia hali Mzee Historia Jumapili moja saa nane mchana, na tuseme ukweli, hakuna hata mmoja aliyepanga kukaa zaidi ya nusu saa. Mtu aliyepigwa na kiharusi anampa mgeni taabu. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala mapajani, na wewe hujui umtazame usoni au uangalie misumari ukutani. Walikuja kwa ajili ya mkewe, mwenzao wa kazini, ambaye kwa miezi mitano alikuwa akinyoosha mashuka ya hoteli bila kuinua kichwa, na kila akiulizwa mgonjwa yu hali gani anajibu kwamba anaendelea vizuri.

Waliingia mmoja nyuma ya mwingine, wakabanana katikati ya sebule, kwa sababu nyumba zile za watumishi zilijengwa na mtu asiyependa wageni. Mkewe alikuwa jikoni anamimina chai. Mzee alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Akainua kichwa, akaona watu watano wamesimama mbele yake na mikoba yao, wanaangaza huku na huku, hawajui waanzie wapi. Akashika mkono wa kiti, akasimama. Kisha, kwa sauti ambayo nyumba ile ilikuwa imeshaikatia tamaa, akasema:

"Karibuni wageni wetu, karibuni sana. Mmetoka mbali na jua ni kali, kwa hiyo sitawachosha. Nitawachosha kidogo tu. Jengo hili lilikuwa ghala la chumvi kabla halijawa gereza, na lilikuwa gereza kabla halijawa makumbusho. Mkisikia kiu, au mkisikia hamu ya kutoroka, msinilaumu mimi, ni jengo."

Mkewe alitoka jikoni na birika mkononi. Kwa miezi mitano mume wake alikuwa na neno moja tu, "sawa". Ukimuuliza anataka maji, sawa. Ukimuuliza kama mguu unauma, sawa. Siku moja alianguka bafuni, na alipoulizwa kama ameumia akasema sawa huku damu inamtoka puani. Sasa alikuwa amesimama wima, mkono wa kushoto ameunyoosha kuelekea kabati la vyombo, anawaambia wapiga pasi kwamba ile ni ngoma kuu ya mvua, na kwamba ilipigwa mara ya mwisho mwaka wa ukame na mvua haikunyesha, "ndiyo maana picha ya mpigaji hatunayo."

Wageni wakacheka. Mmoja wao alishindwa kujizuia, akasema, "Mzee, kumbe umepona?"

Mzee akakatika. Akamtazama yule mama muda mrefu, midomo inacheza bila sauti. Kisha akawatazama wote watano, wamesimama na mikoba yao, akaanza: "Karibuni wageni wetu, karibuni sana. Mmetoka mbali na jua ni kali."

Wakacheka tena, kwa furaha, na mkewe akacheka kuliko wote huku machozi yanamtoka. Hakuona ajabu kwamba habari ya ghala na gereza imerudi neno kwa neno. Mtu aliyenyamaza miezi mitano, alijiambia, ana haki ya kurudia.

*

Usifikiri zamani nyumba ile ilikuwa na upungufu wa maneno. Kwa miaka thelathini mzee alikuwa mtembeza wageni wa makumbusho ya mji mkuu, na kazi alikuwa anarudi nayo nyumbani. Ukimwomba akusogezee chumvi, chumvi inakuja na safari yake yote tangu ghalani. Mtaa ulimpa jina la Mzee Historia, wala hakuchukia. Mkewe alikuwa na dawa moja ya kumnyamazisha. "Nimeuliza saa, sijauliza historia." Alisema hivyo hata kama alichouliza ni kiberiti kiko wapi. Mzee anacheka, ananyamaza, nyumba inapumua. Binti yao wa pekee alikua akiamini kwamba kila nyumba duniani inasema hivyo. Alipoolewa akamwambia mumewe, "Nimeuliza saa, sijauliza historia," na yule mume wa watu akatazama mkono wake, akamjibu ni saa moja na robo.

Na kuna jambo jingine, ambalo mkewe hakupenda kukumbushwa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga makumbusho. Watu walipanda ndege kuja kumsikiliza mume wake, yeye alikuwa akisema nitakuja nikipata likizo, na likizo ikifika anapumzisha miguu. "Hayo ni mambo ya wafu," alikuwa akimwambia. "Mimi nina mashuka ya walio hai."

Binti alikuja Jumanne, akitokea duka la dawa anakofanya kazi. Alimkuta mama yake ametandaza koti la bluu la kazini juu ya meza, analinyoosha.

"Ijumaa anaripoti," mama akasema bila kugeuka. "Likizo ya ugonjwa inaisha. Barua inasema aende waone kama anaiweza kazi. Anaiweza. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Mama, kaa kidogo."

"Pasi ina moto."

"Baba hazungumzi, mama. Anatoa alichokariri. Yale maneno ameyasema maelfu ya mara, yamejikalia mahali ambapo ugonjwa haukufika. Wanakuja dukani watu wanaouguza wagonjwa wa namna hii. Mwingine anaimba wimbo mzima, lakini kuomba maji hawezi."

"Kwani kazi yake ni nini? Si ni hayohayo maneno? Hawamlipi ili aombe maji."

Binti akaenda mpaka kwenye kiti cha dirishani, akachuchumaa mbele ya baba yake, akaushika ule mkono uliolala. "Baba, mimi ni nani?"

Mzee alimwangalia kwa upendo ambao haukupungua hata chembe. "Sawa," akasema.

Mama aligeuza koti upande wa pili. "Nimemuuliza kama anataka kurudi kazini. Amesema sawa."

"Muulize kama yeye ni kuku."

"Usimchezee baba yako."

"Simchezei yeye, mama."

Mama hakuwa mjinga. Barua ilikuwa kabatini chini ya sahani, na ilisema waziwazi kwamba mtumishi akishindwa kazi atastaafishwa kwa sababu za kiafya, ambayo kwa mzee maana yake ni miaka minne kabla ya wakati wake, na nyumba itarudishwa ndani ya siku thelathini. Mshahara wa mpiga pasi haupangi nyumba yenye sebule. Alikuwa ameisoma barua ile asubuhi na jioni mpaka naye akaikariri.

Kabla ya kuondoka binti alitoa simu. "Basi angalau siku akianza nimrekodi. Hata sauti tu."

"Wanaorekodiwa ni wanaoondoka," mama akasema. "Baba yako anarudi kazini."

Siku mbili zilizobaki alimfanyisha mazoezi. Aligundua kwamba wakiwa wawili mzee hasemi kitu. Alimjua mkewe, na mke si mgeni. Lakini akiita majirani wanne wakasimama mbele yake na mikoba, anaanza. Mkewe alisimama mlangoni, akisikia amefika kwenye ngoma ya mvua anaridhika, anarudi jikoni kuangalia sufuria. Hata mara moja hakukaa mpaka mwisho.

*

Ijumaa walifika saa tatu asubuhi. Koti lilikuwa limenyooka, limepunguzwa mbavuni kwa sababu mzee alikuwa amekonda, na beji ya shaba imesuguliwa. Mkata tiketi alikuwa mgeni, hajamaliza hata miezi miwili kazini.

"Mama, tiketi."

"Mimi ni mke wake."

"Mke wa nani?"

"Wa huyu. Ni mtembeza wageni wa hapa, mwaka wa thelathini sasa."

Mkata tiketi akautazama ule mdomo uliokwenda upande. "Mzee, unafanya kazi hapa?"

"Sawa," mzee akasema.

"Yeye apite na kitambulisho chake. Wewe mama kata tiketi. Raia ni bei ya chini."

Nyuma yao foleni ilikuwa inasogea sogea. Mkewe angeweza kubishana, alikuwa na ulimi wa kutosha, lakini hakutaka siku ianze kwa kelele. Akalipa kwa pesa aliyoiweka ya chai, akapewa kikaratasi cha kijani, akakishika mkononi.

Mkuu wa idara aliwapokea kwenye ngazi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, na kazi alifundishwa na mzee mwenyewe. Ndiye aliyemfundisha kutembea kinyumenyume huku anazungumza, maana mtembeza wageni hampi mgeni mgongo. Akamshika mzee mikono yote miwili, akasema, "Mzee wangu, shikamoo," na mzee akasema sawa, na mkuu akauma mdomo wa chini.

Wageni wa siku hiyo walikuwa walimu wastaafu kumi na wawili kutoka mji wa mbali, wamechanga miaka miwili ili wauone mji mkuu wao. Asubuhi walikuwa wamekwenda kwenye mnara wa uhuru, mchana wangepelekwa bungeni. Wote walivaa kofia nyeupe za kufanana ili wasipoteane. Walipojipanga mbele ya mlango mkubwa, mzee akanyoosha mgongo.

"Karibuni wageni wetu, karibuni sana."

Aliwachukua. Hakuna neno lingine. Alirudi kinyumenyume kwenye sakafu ya mawe, mguu wa kulia unaburuta, na mkewe aliyekuwa nyuma ya zile kofia alikuwa anabana pumzi kila kisigino kikitafuta njia. Walimu walicheka kwenye gereza, wakacheka kwenye ngoma. Mkuu wa idara alikuwa amekunja mikono, na uso wake ulikuwa umelegea. Wakaingia chumba cha minyororo.

Mwalimu mmoja mwenye daftari akanyoosha kidole, akasema, "Samahani, hii minyororo ni ya enzi za gereza, au ya kabla ya hapo?"

Mzee akakatika. Midomo ikacheza. "Karibuni wageni wetu," akasema, "karibuni sana. Mmetoka mbali na jua ni kali."

Walimu wakaangua kicheko. Walidhani ni mzaha wa gerezani, kwamba ukiuliza swali unarudishwa mwanzo. Lakini mzee aliendelea, akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea minyororo, akawaambia ile ni ngoma kuu ya mvua, ilipigwa mara ya mwisho mwaka wa ukame. Kicheko kikapungua. Mwalimu wa daftari, ambaye maisha yake yote alikuwa hawezi kuacha kosa bila kulisahihisha, akasema kwa upole, "Hiyo si ngoma, mzee."

"Karibuni wageni wetu."

Safari hii hakucheka mtu. Mwalimu mmoja mzee kuliko wote alivua kofia yake.

"Amechoka tu," mkewe akasema kutoka nyuma, na sauti yake ikagonga dari. "Hajanywa chai. Leo alitoka bila chai." Wote wakageuka kumtazama. Hakuna aliyejua yeye ni nani.

Mkuu wa idara akainua mkono. "Walimu wangu, nawaomba. Turudini mlangoni tuanze upya, na tafadhali asimuulize mtu kitu. Hata kidogo. Muacheni aanze na muacheni amalize."

Mkewe alidhani ni nafasi ya pili, akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Haikuwa hivyo. Mkuu alikuwa ameshaamua pale kwenye minyororo. Alichokuwa anakitoa sasa ni zawadi, na hakuwa na nyingine ya kumpa mwalimu wake. Walimu wale, kwa kuwa walimu, walielewa. Wakarudi mlangoni wakajipanga kimya, na kwa dakika arobaini watu wazima kumi na wawili hawakukohoa.

Alimaliza chumba cha ngoma, cha minyororo, cha sarafu na cha picha. Akawapandisha ngazi kwenye roshani ya juu, na hapo mkewe, akiwa na kikaratasi chake cha kijani, akasikia kile ambacho hakuwahi kukisikia.

"Hapa ndipo mwisho, wageni wetu. Kutoka hapa mnauona mji mkuu wote bila kulipa zaidi. Ule ni mnara wa uhuru. Una ngazi mia mbili na lifti moja, na lifti inafanya kazi siku za sherehe. Lile paa la kijani ni bunge. Wakiwasha taa wao, zinazimika kwetu. Na pale, kwenye mabati mekundu, ni stesheni ya zamani. Treni haziji tena, lakini mnaiona ile saa? Imesimama saa tisa na dakika kumi. Vitabuni wameandika iliharibiwa na mvua. Msiamini. Mimi nilikuwapo, iliharibiwa na msichana. Alikuwa amekaa chini ya saa ile, juu ya sanduku, amepakata pasi ya mkaa, amekuja kuanza kazi. Akaniuliza, kaka, saa ngapi? Nami nilikuwa mwezi wangu wa kwanza hapa, nina kiherehere, nikamwambia saa ile ilikuja kwa meli, ikabebwa na watu arobaini, siku ya kwanza ikatangulia kwa nusu saa na treni zote zikaonekana zimechelewa. Akanikata. Akasema, nimeuliza saa, sijauliza historia. Wageni wetu, nimewatembeza mawaziri, nimewatembeza mabalozi, hakuna aliyewahi kuniambia ukweli namna ile. Mpaka leo sijamwambia ilikuwa saa ngapi. Nikimwambia ataondoka zake. Mkishuka ngazi, shikeni ukuta. Asanteni, na safari njema."

Walimu walipiga makofi polepole. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Sijui huyo msichana yuko wapi sasa," na mwenzake akamwambia, "Usimuulize."

Mkewe hakusema ni mimi. Kwanza aliona aibu, kisha aibu ikaondoka ukaja uchungu. Maneno aliyokuwa akimnyamazishia mume wake jikoni, mume wake alikuwa akiyabeba kila asubuhi kuja kuwaonyesha watu hapa juu, baada ya mnara na bunge, kama kitu cha mwisho na cha thamani kuliko vyote. Mawaziri waliyajua. Mabalozi waliyajua. Mtu mmoja tu katika mji ule alikuwa hajui, na leo amekata tiketi. Alimtazama mume wake, na mume wake akamtazama yeye kwa adabu ileile aliyowatazama wale wengine kumi na wawili.

*

Ofisini mkuu wa idara aliwapa maji. Alikaa upande wao wa meza, sio ule wa kiti kikubwa.

"Mama, ninachokijua mimi katika kazi hii ni cha mzee. Lakini hawezi."

"Amemaliza. Umemwona amemaliza."

"Amemaliza kwa sababu tulinyamaza. Wanafunzi hawanyamazi, mama. Na siku akianguka kwenye ngazi zile kinyumenyume, mimi nitakwambia nini?"

Mkuu akavuta karatasi. "Kwa utaratibu, lazima nimuulize mwenyewe." Akamgeukia mzee, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma, "Mzee wangu, unakubali kustaafu kwa sababu za kiafya?"

"Sawa," mzee akasema.

Kalamu ikaanza kuandika.

"Hilo si jibu," mkewe akasema. "Hilo ndilo neno alilobaki nalo, hana jingine. Ukimuuliza chochote atasema hivyo. Muulize kama yeye ni..."

Akaishia hapo. Akilini aliliona tena koti mezani, na pasi, na binti amechuchumaa. Yeye naye aliuliza, na alipopata sawa yake akaichukua akaondoka nayo, kwa sababu ndiyo aliyoitaka.

Mkuu alikuwa anasubiri, kalamu hewani. "Nimuulize nini, mama?"

"Basi," akasema. "Andika."

Wakamshika mzee kidole gumba cha kushoto, wakakipaka wino, wakakibonyeza. Mkewe alikifuta kwa kona ya kitambaa chake cha kichwa, akakifuta tena hata wino ulipokwisha.

*

Chumba walichohamia kilikuwa kimoja, na dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani wenye nguo zinazoanikwa. Kabati la vyombo halikuingia, wakaliuza. Kiti kiliingia.

Wiki ya tatu hivi, mkewe alirudi kutoka kazini jioni na mkoba begani, akasimama mbele ya kiti kuvua viatu. Mzee akainua kichwa. "Karibuni wageni wetu," akasema.

Alisimama hapohapo, kiatu kimoja mguuni, dakika arobaini, mpaka stesheni, mpaka shikeni ukuta. Alilia kwa furaha. Baadaye, akiosha vyombo, ndipo akaelewa. Zamani wakiwa wawili mzee alikuwa haanzi, kwa sababu mke si mgeni. Sasa ameanza. Aliisugua sahani moja muda mrefu, kisha akaamua kwamba atakubali kuwa mgeni, kama ndiyo bei yake.

Kuanzia hapo ikawa ndiyo maisha yao. Saa kumi na moja akitoka kazini anasimama nje ya mlango, anapiga hodi, anaingia na mkoba, anasimama. Wenzake wakimwambia wapite mahali wanywe soda, anasema, "Nina ziara," na wao wanacheka, wanamwacha aende zake. Alijifunza kutokohoa. Huwezi kumwomba mzee aanzie stesheni; njia ya kwenda stesheni ilikuwa moja, ilianzia mlangoni, ikapita kwenye ngoma, minyororo, sarafu na picha. Mpiga pasi yule sasa anaujua mwaka wa ukame, anaijua bei ya mtu katika sarafu za zamani, na ukimwuliza chumvi ilifikaje ghalani atakusimulia.

Kisha vyumba vikaanza kufungwa. Kwanza ilikuwa sarafu. Siku moja mzee alitoka kwenye minyororo akaingia moja kwa moja kwenye picha. Mkewe akampigia binti simu. "Njoo na ile simu yako umrekodi," akasema, na binti hakuuliza kilichobadilika, akaja siku hiyohiyo. Lakini siku hiyo mzee aliishia kwenye ngoma. Binti alibaki ameshika simu mbele ya uso wa baba yake, na kilichorekodiwa baada ya hapo ni mlio wa redio ya jirani. Alikuja tena mara nne. Stesheni hakuipata.

Siku ninayotaka kuwaambia ilikuwa siku ya kawaida, hata mvua haikunyesha. Mkewe alipiga hodi, akaingia na mkoba wake, akasimama mbele ya kiti. Mzee akainua kichwa, akamtazama. Akangoja. Mkewe naye akangoja. Ndipo alipogundua kwamba mzee anamwangalia jinsi wale walimu wa kofia nyeupe walivyokuwa wakimwangalia mzee mwenyewe, kwa subira, kama mtu aliyetoka mbali anayetaka kuonyeshwa kitu.

Mkewe akaweka mkoba chini.

"Karibuni wageni wetu," akasema, "karibuni sana. Mmetoka mbali na jua ni kali, kwa hiyo sitawachosha."

Alimshika mkono akamwinua. Akatembea kinyumenyume, hatua ndogondogo, chumba kilikuwa na nafasi ya hatua sita. Pale kwenye ndoo ya maji akamwonyesha ngoma. Kwenye kitanda akamwonyesha minyororo, akamfungulia na chumba cha sarafu ambacho mzee mwenyewe alikuwa amekifunga. Mzee alifuata na mguu wake unaoburuta, macho hayamtoki. Wakafika dirishani. Kwenye ukuta wa jirani kulikuwa na shuka moja na suruali ya mtoto.

"Na pale," akasema, "kwenye mabati mekundu, ni stesheni ya zamani. Mnaiona ile saa? Vitabuni wameandika iliharibiwa na mvua. Msiamini. Alikuwa amekaa chini ya saa ile, juu ya sanduku, amepakata pasi ya mkaa. Akaniuliza..."

Maneno yaliyofuata yalikuwa yake mwenyewe tangu zamani, hakuwa na sababu ya kuyasema kwa kinywa cha mtu mwingine. Akamgeukia mume wake.

"Kaka," akamuuliza, "saa ngapi?"

Mzee alitazama nje, akatazama lile shuka linalocheza, akamtazama yeye.

"Sawa," akasema.

"Usiniambie," mkewe akasema. "Usiniambie kabisa."

Akamrudisha kwenye kiti chake. Kisha akavuta ndoo ya maji, akaifunika, akakaa juu yake karibu naye.